Raba za Turubai: Namna ya Kuzijua, Kuzichagua na Kuzifanya Zako

Jozi yangu ya kwanza ya raba za turubai niliipata soko la Karume, Ilala, nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Zilikuwa nyeusi, za shingo ndefu, nyota ya kwenye nembo imefifia na kamba zisizo zake. Nilizivaa miaka minne. Baadaye nimevaa viatu vya ngozi na vya bei kubwa, lakini hakuna vilivyonifundisha kuvaa kama zile.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kununua jozi yake ya kwanza, na kwa yule anayo tayari ila hajui aivalie nini zaidi ya jinzi. Naanza na historia, na nakuomba usiiruke. Mengi tunayoyapenda kwenye raba hizi yalianzishwa na wavaaji, viwanda vikafuata nyuma. Ukishalijua hilo hutaogopa kuziwekea mkono wako raba ulizozinunua kwa pesa yako.

Hatua ya kwanza: jua ulichovaa

Tuanze na jina. Mwaka 1770 Mwingereza Joseph Priestley aliandika kwamba kipande cha utomvu mkavu wa mpira hufuta alama za penseli. Waingereza wakakipa kitu hicho jina linalotokana na kusugua, nalo ndilo lililotufikia sisi kama raba. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye raba ya kufutia mkononi na raba miguuni ametumia neno lile lile mara mbili, na yote mawili ni sahihi. Wamarekani wao walikipa kiatu hiki jina la kunyata, kwa kuwa soli ya mpira haitoi kishindo. Waingereza wakakiita "plimsoll", na hapo pana kisa kinachowahusu watu wa pwani. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge aliyepigania meli ziwekwe alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kupakia mzigo, ili mabaharia wasizame kwa tamaa ya wenye meli. Sheria ilipita mwaka 1876. Watu wakaona kwamba mstari ule ambapo mpira wa kiatu unakutana na kitambaa unafanana na alama ya meli: maji yakiupita, umelowa. Nenda Feri, Dar es Salaam, au Kilindini, Mombasa, utazame ubavu wa meli ya mizigo. Utaiona ile duara iliyokatwa na mstari. Ndiyo hiyo.

Mpira wenyewe ulikuwa na tabu yake. Mpira mbichi hulainika na kunata kwenye joto, na hukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa kisha ukapikwa, unabaki imara na unanyumbuka kwenye hali zote mbili. Raba za turubai za aina ya zamani bado zinatengenezwa kwa upishi huo. Kitambaa kinavutwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu, soli inabandikwa, ukanda wa mpira unazungushwa pembeni, kisha kiatu kizima kinaingizwa kwenye tanuri mpaka mpira uive na kushikana na kitambaa. Kumbuka upishi huu, maana nitaurudia tukifika kwenye kufua na kwenye kushona.

Mpira huo una historia nzito kwetu pia. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kukusanya utomvu wa msituni, hasa baada ya matairi ya upepo kuongeza njaa ya mpira Ulaya. Na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa na mashamba ya mipira upande wa Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Sivai raba kwa huzuni, lakini napenda mtu ajue njia ilimopita mali ghafi ya kitu anachokipenda.

Sasa tufike kwenye raba yenyewe. Marquis Mills Converse alifungua kiwanda chake Malden, jimbo la Massachusetts, mwaka 1908, akitengeneza viatu vya mpira vya kukanyagia theluji na tope. Biashara hiyo ni ya msimu, na kiwanda kilihitaji kazi ya mwaka mzima. Mwaka 1917 kikatoa kiatu cha mpira wa kikapu kilichoitwa All Star. Mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga. James Naismith aliubuni mwaka 1891 kule Springfield, jimbo hilo hilo. Kiatu kilikusudiwa jambo dogo tu: mchezaji asiteleze kwenye sakafu ya mbao, na shingo ndefu imshike kifundo cha mguu.

Miaka ya mwanzo ya 1920 aliingia Chuck Taylor, mchezaji kutoka Indiana aliyegeuka muuzaji. Alizunguka Marekani kwa gari, akifundisha mpira wa kikapu mashuleni na kuuza viatu alikofundisha. Katika miaka ya 1930 saini yake ikawekwa kwenye nembo ya duara, na haijatoka hadi leo. Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Berlin. Wamarekani walivaa All Star nyeupe zenye mistari myekundu na ya buluu. Fainali ilichezwa nje, kwenye kiwanja cha udongo, mvua ikinyesha, mpira haudundi. Waliwafunga Kanada 19 kwa 8. Ukiona raba nyeupe yenye mstari mwekundu na wa buluu kwenye mpira, ujue ndiyo ukoo wake.

Tarehe 2 Machi 1962, pale Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja akiwa amevaa raba hizi za kitambaa. Miaka michache baadaye ngozi ikaja. Adidas walitoa Superstar mwaka 1969, na wachezaji wakaanza kuhama. Mwaka huo huo Chuck Taylor akafariki.

Kimantiki raba ya turubai ingekufa hapo. Haikufa, kwa sababu watu wasiocheza kikapu walikuwa wameshaichukua: wanafunzi, wapiga gitaa, wachora kuta, vijana wa Los Angeles wenye suruali za kaki zilizopigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Ilikuwa rahisi, haikuwa na adabu nyingi, na kila mmoja aliivaa kivyake. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2001 na uzalishaji ukahamia Asia. Nike wakainunua mwaka 2003 kwa takriban dola milioni 305. Mwaka 2020 Kamala Harris alifanya kampeni za umakamu wa rais wa Marekani akiwa amevaa suti na raba hizi hizi.

Vans, kampuni nyingine ya raba za turubai, ni ushahidi mzuri zaidi wa ninachokisema. Duka lao lilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 16 Machi 1966. Wateja wa siku hiyo walichagua viatu, vikatengenezwa hapo hapo kiwandani, wakarudi kuvichukua siku hiyo hiyo. Mteja akitaka rangi ambayo haipo, aliambiwa alete kitambaa chake. Wanaocheza ubao wa magurudumu walipogundua kwamba soli ile nene inanata kwenye ubao, na kwamba kiatu cha mguu mmoja huisha haraka kuliko cha pili, duka likawauzia kiatu kimoja kimoja. Na zile raba maarufu za mirabaraba ya drafti, cheusi na cheupe? Vijana walikuwa wakichora drafti kwa kalamu kwenye ukanda mweupe wa mpira. Steve Van Doren, mtoto wa mwanzilishi, akaliona jambo hilo, na kampuni ikalihamishia kwenye turubai.

Na Bata, ambao wengi wetu Afrika Mashariki tumekua tukiamini ni wa kwetu, hasa kwa sababu ya kiwanda cha Limuru? Tomáš Baťa alianza Zlín, katika nchi inayoitwa Cheki leo, mwaka 1894. Muda si mrefu akawa amezama kwenye madeni na hana pesa ya ngozi. Akatumia alichoweza kukinunua, turubai, akaweka soli ya ngozi, na kiatu hicho chepesi cha bei ya chini kikamwokoa.

Hatua ya pili: chagua jozi

Pima mguu kwanza, na upime jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana. Simama juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Sentimita ndizo za kuamini. Nambari zinadanganya.

Hapa ndipo nilipokosea Karume. Lebo ya All Star huwa na nambari mbili za Kimarekani, ya kiume na ya kike, na ya kike iko juu kwa 2. Kwa hiyo 6 ya kiume ndiyo 8 ya kike, kiatu ni kile kile. Mimi nilisoma nambari moja tu. Isitoshe, All Star ni kubwa kidogo kuliko nambari yake, na watu wengi hushuka nusu nambari. Vans kwa kawaida hukaa sawa na nambari. Lebo nyingi zina sentimita pia, ama kwenye ulimi wa kiatu ama ndani, itafute hiyo.

Kama unanunua mtumba, iwe Karume, Gikomba au kwingineko, fanya haya kabla hujataja bei.

Soma lebo ya kulia na ya kushoto. Kwenye belo viatu huachana, na muuzaji huoanisha vinavyofanana, kwa hiyo jozi yenye nambari mbili tofauti si ajabu. Kisha kunja kila kiatu pale vidole vinapojikunja. Ule ukanda wa mpira ukifunguka au ukionyesha mpasuko, kiache hata kama juu kinang'aa. Kwenye turubai kifo huanzia hapo. Ingiza kidole kisiginoni uone kama bitana imetoboka. Bonyeza kisigino kwa nje: kikilala kama kandambili, aliyekivaa alikuwa anakikanyaga. Nusa. Harufu ya jasho hutoka kwa kufua, harufu ya ukungu ni ngumu zaidi.

Geuza soli. Kwenye All Star mpya unaweza kukuta chini kuna manyoya mafupi laini, kama veleti. Wengi hudhani ni alama ya feki. Sivyo. Ni safu ya kitambaa iliyowekwa ili forodha ya Marekani ikihesabu kiatu kwenye kundi la ndala za ndani na kukitoza ushuru mdogo. Huisha baada ya siku chache za kutembea. Kwenye shingo ndefu angalia pia kwamba nembo ya duara iko upande wa ndani wa kifundo, pale miguu inapotazamana, na kwamba vile vitundu viwili vya hewa viko upande huo huo. Ushonaji unaoyumba, nyota iliyopinda na gundi iliyomwagika juu ya kitambaa vinatosha kukuondoa hapo.

Ukinunua mpya dukani na uwezo upo, jozi inayoitwa Chuck 70 ina turubai nzito zaidi, kitanda cha ndani kinene, na mpira wenye rangi ya maziwa na mng'ao. Ni kumbukumbu ya zilizotengenezwa miaka ya 1970. Hukaa muda mrefu kuliko zile za kawaida. Lakini sikushauri ujinyime kwa ajili hiyo. Bata za turubai zikivaliwa vizuri hazimwombi mtu radhi.

Rangi? Jozi ya kwanza iwe nyeusi, shingo fupi. Nyeupe zinapendeza kuliko zote, ila zinataka mtu mwenye subira ya kufua. Ile rangi ya maziwa huficha mengi na hukubaliana na ngozi zetu kwa namna ambayo nyeupe kali haiwezi. Nyekundu ni jozi ya tatu, ukishajua unachokifanya.

Onyo moja la afya. Raba hizi ni bapa na hazina mwinuko wa kushika unyayo. Kama kazi yako ni ya kusimama au kutembea mchana kutwa, nunua kitanda cha ndani chenye mwinuko ukiweke. Usizitumie kukimbilia barabarani.

Hatua ya tatu: kamba

Kamba ni mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote, na huonekana toka mbali. Shingo ndefu yenye jozi 8 za matundu inataka kamba ya takriban sentimita 140, shingo fupi yenye jozi 6 au 7 inatosha na 115. Kamba bapa ndizo zake. Za duara hukifanya kiatu kionekane cha kazi za porini.

Ufungaji wa kawaida wa kupishana una siri ndogo: kamba ikianza kwa kuingia kutoka juu kwenda chini, mbele ya kiatu hulala bapa na kupendeza.  

Ufungaji wa mistari, ambapo kamba huonekana kama ngazi zisizokatizana, unataka matundu yenye jozi shufwa. Ingiza ncha zote mbili kutoka juu kwenye tundu za chini kabisa, upate mstari mmoja ulionyooka. Ncha ya kushoto ipandishe kwa ndani hadi tundu la pili la upande huo huo, itoe, ivushe kulia, iingize. Ncha ya kulia ipandishe kwa ndani ikiruka tundu la pili, itoke la tatu, ivushe kushoto. Endelea hivyo kwa kupokezana mpaka juu. Mara ya kwanza utachukua robo saa. Kwenye raba nyeusi zenye kamba nyeupe, sijaona mapambo yanayozidi hayo.

Ukipenda shingo ndefu ilegee, acha matundu mawili ya juu bila kamba. Mguu hupumua na suruali hulala vizuri.

Hatua ya nne: zivalie nguo

Jambo la kuangalia ni pale kiatu kinapokutana na nguo. Shingo ndefu huukata mguu juu ya kifundo. Mtu mrefu halimsumbui hilo, lakini mfupi huonekana mfupi zaidi, hasa akivaa kaptula au suruali iliyoishia katikati ya muundi. Dawa ni mojawapo kati ya mbili: vaa shingo fupi, au suruali ifike na kuifunika ile shingo, na rangi za suruali na raba zikaribiane. Suruali nyeusi juu ya raba nyeusi hurefusha mguu.

Suruali ya kitambaa inayopigwa pasi inakaa vizuri sana na raba hizi, kuliko hata jinzi iliyochanika. Ugumu wa mkunjo na ulegevu wa turubai hujibizana. Suti pia, kwa sharti kwamba raba ziwe safi, shingo fupi, rangi moja, na suruali iishie pale inapogusa kiatu bila kurundikana. Tumeshazizoea harusi ambazo bwana harusi na wapambe wake wamevaa raba nyeupe zilizofanana, na picha zao hupendeza kwa sababu wamefuata hilo bila kuliandika popote.

Ukivaa kitenge, kiache kitenge kiseme. Raba ziwe rangi iliyomo ndani ya kitenge, tena ile iliyo chache: kama kitambaa ni buluu na kuna mshipa mdogo wa manjano, raba za manjano zitakaa kama zilizaliwa nacho. Gauni refu la pamba na raba nyeupe shingo fupi ni nguo ya safari, ya soko na ya chuo. Na buibui na raba nyeupe, mtindo unaouona Forodhani kule Unguja, Mombasa na Maskati vile vile, ni katika mavazi mazuri ya pwani ya miaka hii. Weusi unaofika chini, kisha weupe unaotokeza kidogo kila hatua. Ndiyo maana raba hizo hazitakiwi kuwa na doa.

Kanzu ni suala la adabu kuliko la mtindo. Kwa sala na kwa maziko nabaki na makubadhi. Kwa sherehe ya jioni, kanzu, koti na raba safi za rangi ya maziwa vinaheshimika, mradi wazee wa nyumba hawajaonyesha kukerwa.

Soksi: kwenye shingo fupi, ama zifichike kabisa ama zionekane kwa kusudi. Zile zinazochungulia kidole kimoja juu ya kiatu haziamui.

Hatua ya tano: weka mkono wako

Hapa usifanye haraka. Vaa jozi mwezi mzima kwanza, ili ujue inajikunja wapi. Sehemu inayojikunja, mbele karibu na vidole, haipendi rangi, itapasuka. Pambo liweke ubavuni, kisiginoni, kwenye ulimi, au kwenye ukanda wa mpira.

Kuchora kwenye turubai, tumia rangi ya vitambaa au rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Safisha kitambaa, kikauke, jaza karatasi ndani ili uso ukaze, chora kwanza kwa penseli. Paka tabaka jembamba, subiri likauke, kisha la pili. Tabaka moja nene hukakamaa na kubanduka. Ipe rangi siku mbili kabla ya kukutana na maji.

Kitenge au kanga unaweza kushonea kwenye ulimi au kama bitana ya shingo, ambayo huonekana ukiikunja chini. Fundi wa viatu mwenye sindano ya mkono ataifanya vizuri. Usikubali mtu abandike kitambaa juu ya turubai kwa gundi ya viatu peke yake. Mimi nilikubali mara moja kwa fundi mmoja. Baada ya wiki mbili za jua kitambaa kilivimba malengelenge na gundi ikatokeza madoa ya kahawia yasiyotoka.

Pambo ninalolipenda zaidi linatoka kwenye kanga. Kanga ina jina, yale maneno ya upande wa chini. Ukanda mweupe wa mpira wa raba una urefu wa jina la kanga kabisa. Chukua kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, pangusa mpira kwa spiriti, uache ukauke, kisha andika kwa herufi kubwa ukianzia kisiginoni upande wa nje, kama kanga inavyoandikwa. Wema hauozi. Au maneno uliyoachiwa na bibi yako. Ukikosea, spiriti na pamba vitafuta ukiwahi. Wale vijana wa California walianza kwa kalamu kwenye ukanda huo huo.

Hatua ya sita: fua bila kuziua

Matope mekundu yaache yakauke kwanza, halafu piga soli kwa soli na upige brashi kavu. Ukisugua tope bichi unalizamisha ndani ya nyuzi. Toa kamba na kitanda cha ndani, vifue peke yake.

Sabuni ya kipande na maji vuguvugu vinatosha kwa kitambaa. Sugua kwa mswaki wa zamani kwa mizunguko midogo. Mpira usugue kwa unga wa bekingi soda uliokorogwa mzito, au dawa ya meno nyeupe. Nyeusi na za rangi zisilowekwe. Zipanguse tu, la sivyo hupauka mapema.

Usitumie jiki. Najua wengi tulifundishwa hivyo nyumbani. Jiki hula nyuzi za pamba na huacha manjano kwenye nyeupe na kwenye mpira, manjano ambayo hayarudi tena. Sabuni isiyotoka yote nayo huleta manjano, kwa hiyo suuza mara tatu, mpaka maji yatoke meupe. Kisha jaza ndani karatasi nyeupe au vitambaa. Gazeti lina wino. Zile nyeupe zifunge zote kwa karatasi ya chooni ikiwa bado imelowa, zianike kivulini penye upepo. Karatasi hunyonya uchafu uliobaki na inapokauka unaibandua ikiwa na manjano yaliyokuwa yabaki kwenye kiatu.

Jua kali la saa saba si rafiki. Mpira uliopikwa mara moja kiwandani hauhitaji kupikwa tena juu ya bati. Hukakamaa na kuachia kitambaa. Wakati wa masika, weka raba mahali penye hewa, na ukungu ukitokea upanguse kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha ufue.

Ukanda ukianza kuachia kidogo, peleka kwa fundi mapema. Safisha ufa, paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke hadi isinate sana kidoleni, ndipo ubane. Ikichelewa, mwambie ashone kwa uzi mzito kuzunguka soli. Mshono huo huonekana, nami naona unapendeza. Lakini soli ikikatika kabisa pale inapojikunja, matengenezo hayasaidii, maana kitambaa na mpira viliiva pamoja. Okoa kamba, vikuku vya chuma na nembo ya duara. Nembo hushonwa vizuri kwenye mkoba au mgongoni mwa koti la jinzi.

Kuna kitu cha mwisho cha kufanya siku unayonunua. Fungua kamba, inua ulimi, na kwa kalamu ile ile ya wino usiofutika andika upande wa chini mahali na mwezi ulipozipata. Zangu za sasa zimeandikwa Karume, Juni, na herufi ya kwanza ya jina la mdogo wangu, aliyenisaidia kusoma lebo.